Kamera Haina Kosa

2 Machi

Kwako mwanangu Kiherehere,

Mimi mzima, Mama yako Mdogo mzima, na cherehani yake nzima kabisa, tangu asubuhi inanipigia kelele ng'ambo ya ukuta. Wewe huko kileleni kwenye darubini yenu sijui, maana barua yako ya mwisho ilikuwa na maneno matatu na picha moja.

Dereva wa lori la vyakula atakukabidhi kamera yangu. Nimeizungushia taulo la bluu, na taulo nalitaka. Kamera imeharibika. Ukichungulia kitunduni katikati unaona safi, lakini pembeni giza, kama mtu ameziba kwa viganja huku na huku. Fundi wa hapa mtaani ameifungua mara mbili, na mara zote mbili ananiambia haina kosa. Nikamwambia kama kamera haina kosa basi mwenye kosa ni yeye, akanuna. Huko kwenu mna fundi wa vioo vinavyotazama mwisho wa dunia, kioo kidogo kama hiki hakitamtoa jasho.

Nina haraka kwa sababu nimepata aibu. Harusi ya binti wa Mwalimu Mkuu mstaafu nimepiga mimi, kama nilivyopiga ya mama yake. Picha ya ukoo mzima niliipanga mwenyewe, warefu nyuma, wazee vitini, watoto chini, nikawachekesha mpaka wakacheka kweli. Picha ilipotoka, shangazi wa bwana harusi amebaki kiwiko na nusu ya mkoba. Upande wa pili babu hana sikio. Mimi, Mama Cheka, ambaye mtaa mzima unajua sikati mtu! Mwalimu Mkuu alikuja nayo studio, akaiweka mezani, hakufoka. Afadhali angefoka. Nimemwahidi kwamba ukoo ukikusanyika tena mwishoni mwa mwezi wa tano nitaipiga upya, na safari hii nataka kila sikio liwepo.

Sasa picha yako. Nimeitia kalamu nyekundu kama kawaida na nairudisha. Galaksi ni nzuri, imejizungusha kama maziwa ndani ya chai kabla hujakoroga. Lakini pembeni umeacha patupu pakubwa bila sababu. Nimechora mstari pa kukata. Jicho la mtazamaji lisipewe mahali pa kupotelea.

Kula vizuri.

Mama yako


9 Machi

Mama,

Shikamoo. Kamera imefika na taulo limefika. Fundi wa vioo alinikejeli kidogo kwamba nimemletea mgonjwa mdogo mno, kisha akakaa nayo siku nzima. Akapiga picha ukuta mweupe wa ghala, akaisafisha, akaniletea. Nyeupe kona hadi kona. Akachungulia yeye, nikachungulia mimi, akachungulia na mpishi kwa kuwa alikuwa anapita. Sote tunaona mpaka pembeni kabisa. Kamera haina kosa, Mama.

Kingine, usinikasirikie. Pale ulipochora mstari ukaandika "patupu, kata" si patupu. Kuna galaksi ya pili. Ni ndogo lakini haijifichi, mpishi aliiona bila kuonyeshwa. Ndiyo iliyonifanya niipige picha ile. Zile mbili zinavutana, kubwa inainyonya ndogo polepole, na ule mkia wa nuru ulioutaka ukatwe ndizo nyota zinazohamishwa kutoka galaksi moja kwenda nyingine. Nuru yenyewe iliondoka huko kabla hapajakuwa na mtu wa kuitazama. Nilipoiona inajitokeza kwenye karatasi nywele zilinisimama. Nilijua wewe ndiye utakayeifurahia kuliko wote. Labda dirisha la studio lilikuwa na mwanga mbaya siku hiyo.

Ipo galaksi moja unayoweza kuiona kwa macho matupu hapo uani kwetu, taa za mtaa zikikatika. Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii mahali pake. Usiikodolee macho, ukiikazia inatoweka. Tazama kando yake kidogo, itakuja yenyewe pembeni mwa jicho. Hata wataalamu wa hapa hufanya hivyo. Ijaribu, uniambie.

Kiherehere wako


15 Machi

Kwako mwanangu,

Marahaba. Haya, mimi na kalamu yangu tumekosa, tupige magoti. Hiyo galaksi yako ndogo niliiona sana. Nilidhani vumbi. Nyinyi mnapiga picha kwenye baridi na mavumbi, mtu atajuaje kipi ni nyota na kipi ni uchafu.

Ile ya uani nayo nimeiona. Nzuri sana.

Huyo fundi wenu mwambie asante, ila na yeye ni walewale. Mafundi wote wakishindwa husema kifaa kizima. Rudisha kamera, nitajua mwenyewe la kufanya. Mwezi wa tano hauko mbali, na ukoo wa Mwalimu Mkuu hauwezi kunisubiri mimi na mafundi.

Mwandiko wangu ukiuona umepinda usianze maswali. Mlango wa stoo umenigonga mkono, ni kitu kidogo tu. Mama yako Mdogo anakuza mambo, akikuandikia usimsikilize.

Badala ya galaksi nitumie picha yako wewe. Mwaka mzima sijauona uso wako. Nataka nijue kama umekonda.

Mama yako


22 Machi

Mama,

Nimesoma barua yako mara nyingi. Mistari yako miwili ya mwisho imepandana, mmoja juu ya mwingine. Hilo si la mkono kuuma.

Nakutumia picha kubwa, kubwa kuliko zote nilizowahi kukutumia. Nimeisafisha kwa ajili yako peke yako. Ni jengo letu la darubini, mchana, jua zuri. Itazame kwa utulivu dirishani, kisha niandikie kila unachokiona. Sihitaji pa kukata safari hii. Niandikie tu unachokiona.

Kamera itakuja na lori linalofuata.

Kiherehere


29 Machi

Kwako Kiherehere,

Picha gani kubwa hivi, unadhani mama yako ana ukuta wa ukumbi? Nimeishika dirishani mpaka mikono imechoka.

Umenitaka niseme ninachokiona, nasema. Kuba limekaa vizuri, halikuegemea. Mlango wa chuma uko wazi nusu, na kufuli linaning'inia, lina kutu upande wa chini. Ngazi ya kwanza imemeguka. Juu ya mlango kuna ndege mdogo, sijui ulimwona wakati unapiga. Ukali wa picha ni wa kwangu huo, nilikufundisha mimi, na anga la nyuma limetulia halishindani na jengo. Ulidhani sioni? Haya, niambie ni mama gani mwingine angeona kutu ya kufuli.

Lakini mwanangu, jengo bila mtu ni tangazo la saruji. Nimekuomba uso wako unaniletea mlango. Ungesimama hata wewe hapo ngazini, nijue ukubwa wa jengo na ukubwa wako. Wewe uko wapi?

Mama yako


5 Aprili

Mama,

Mimi nipo kwenye picha ile.

Nimesimama upande wa kushoto, karibu kabisa na kamera. Nimevaa ile sweta ya njano uliyonifumia. Kichwa changu kinakaribia juu ya karatasi na miguu yangu inakaribia chini. Nimeshika kipande cha boksi, na juu yake nimeandika kwa rangi nyeusi, herufi kubwa kama za tangazo la duka: MAMA UNANIONA?

Nilikuwa naomba unijibu kwa matusi. Nilikuwa naomba uandike, "Hivi wewe mtoto una wazimu, unasimamaje na boksi mbele ya picha nzuri." Ningecheka wiki nzima. Badala yake umeniuliza niko wapi. Dereva aliniona nimekaa chini karibu na tairi la lori, akadhani nimepata habari ya msiba.

Fanya hivi. Ibandike picha ukutani, rudi nyuma mpaka mlangoni, kisha geuza kichwa pole pole kwenda kushoto. Utanikuta.

Nimezungumza na muuguzi wa kituo. Sikumtajia jina lako, nilimwambia ni mtu ninayemjua. Hakusita hata kidogo. Anasema inaitwa presha ya macho. Haiumi, haiwashi, na mtu anaendelea kusoma na kutunga uzi kwenye sindano huku ugonjwa unamla kutokea pembeni. Kilicholiwa hakirudi. Kilichobaki kinaweza kuokolewa, lakini hakuna wakati wa kuchezea. Alipomaliza akaniuliza, "Huyo mtu huvuka barabara peke yake?"

Kamera haikuwa na giza, Mama. Kesho nenda hospitali. Usisubiri mwezi wa tano, usisubiri ukoo wa mtu. Mwambie Mama Mdogo akushike mkono. Nakuomba kwa mapenzi yote niliyonayo.

Kiherehere wako


11 Aprili

Kamera nimepokea.

Sikukufundisha picha ili unitegee mtego nayo. Ulijipamba, ukashika boksi, ukamngoja mama yako aanguke. Umeridhika?

Usiniandikie tena habari za macho. Ukiwa na habari nyingine niandikie.

Mama yako


12 Aprili

Mpenzi mwanangu,

Mimi ni Mama yako Mdogo. Unajua mimi na kalamu hatupatani, nimezoea sindano, lakini nimeona nikikaa kimya nitakuwa mshirika wa uovu.

Dada yangu anakuficha. Hakuna mlango wa stoo uliomgonga. Aligongwa na pikipiki hapa hapa nje, saa za watu kwenda sokoni. Alikuwa anavuka, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaingia barabarani kana kwamba ni uani kwake. Mwenye pikipiki alipiga honi mpaka ikakauka. Mungu ni mwema, alimpitia mkono na bega tu. Alilia mwenye pikipiki, dada yangu hakulia. Aliniapisha nisikuambie.

Na si hilo tu. Juzi nilikuwa namsaidia kupanga studio, nikakuta nyuma ya pazia la kupigia picha chupa ya dawa ya macho, imepungua kidogo tu, tarehe yake imeshapita. Jina lake limeandikwa juu. Kwa hiyo hospitali alishakwenda, mwanangu. Alishajua kabla yako wewe na mimi.

Nimemwuliza. Amenifukuza. Tunasalimiana kwa kukohoa tu siku hizi, yeye upande wake wa ukuta, mimi upande wangu. Ile picha yako kubwa ameibandika ukutani. Nilimwona kupitia dirishani, amesimama mlangoni anageuza kichwa pole pole. Alipofika uliposimama alikaa kitini, na akakaa hapo muda mrefu.

Mwandikie. Akikataa kusoma nitamsomea kwa sauti, hata kwa kupitia ukuta.

Mama yako Mdogo


20 Aprili

Kwako mwanangu,

Huyo mshonaji amenisomea barua yako mpya huku amesimama nje ya mlango, mtaa mzima unasikia. Imebidi nimfungulie ili anyamaze. Basi ngoja nikuambie mwenyewe, maana wengine wataniongezea chumvi.

Nimekuona. Sweta imekubana mabegani, na umekonda.

Kwanza nilidhani ni kamera kweli. Usicheke. Mtu aliyetazama dunia maisha yake yote kupitia kitundu, kikiingia giza atalaumu kitundu. Fundi aliponiambia mara ya kwanza haina kosa nilikwenda hospitali kimyakimya, nikijua wataniambia nahitaji miwani. Daktari wa macho ni binti mdogo, umri wako. Alinikalisha mbele ya mashine, niweke kidevu hapa, nitazame nukta katikati, kila nikiona kitaa kinamulika nibonyeze kitufe. Nikakaa. Nikangoja. Nikamwambia, "Ukiwa tayari anza." Akaniambia, "Mama, tumeshamaliza."

Jicho la kushoto limekwisha, Kiherehere. Linajua mchana na usiku, basi. La kulia limebaki katikati tu. Na la kulia ndilo jicho langu la kazi, ndilo ninalochungulia nalo. Dawa alinipa, zikawa zinanichoma, macho yanakuwa mekundu, wateja wananiuliza kama nimelia. Nikaacha. Halafu nikampelekea fundi kamera mara ya pili, na wewe pia nikakuletea. Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka mtu mmoja tu aseme imeharibika.

Na ile galaksi ya uani sikuiona. Nilikudanganya. Taa zilikatika nikatoka na mchoro wako, nikatazama kando kama ulivyoniambia, ili ije pembeni mwa jicho. Pembeni mwa jicho langu hakuna kitu cha kuja. Niliona nyota moja, nikisogeza kichwa naona nyingine, ile ya kwanza haipo. Niliogopa sana. Niliingia ndani kwa kupapasa ukuta wa nyumba yangu mwenyewe.

Sasa sikiliza sababu. Daktari anataka kulipasua jicho la kulia, afungue kijia maji yapungue, presha ishuke. Haraka, anasema. Nikamwuliza, likienda mrama? Hakunificha. Macho yaliyofika hapa wakati mwingine hayahimili kisu, na hicho kilichobaki katikati kinaweza kuondoka siku hiyo hiyo. Nisipopasuliwa, nina miezi, pengine mpaka mwisho wa mwaka. Polepole, lakini ni yangu. Mwezi wa tano nitampigia Mwalimu Mkuu ukoo wake, nitawapanga mstari mwembamba kama uzi, nitapita mtu mmoja mmoja kabla ya kubonyeza. Desemba utakuja likizo nikuone. Baada ya hapo na liwe litakalokuwa.

Wewe unataka nikabidhi jicho langu la mwisho kwa mtoto wa umri wako, asubuhi moja, kufa kupona. Ungekuwa mimi ungeweza?

Mama yako


27 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa peke yangu, na sasa naandika juu ya goti, kwa hiyo leo tumefanana mwandiko.

Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Sijui kama ningeweza. Pengine na mimi ningekimbia.

Lakini hesabu yako ina kosa. Unahesabu kama vile utaendelea kuwa na jicho hili la leo mpaka Desemba, halafu lizimike mara moja. Haliendi hivyo. Mwaka jana uliona ukoo wa watu. Mwaka huu umekosa shangazi na sikio la babu. Machi hukuona pikipiki. Nikija Desemba hutaniona. Utaniona pua, au jicho moja, au kifungo cha shati, kisha utajifanya umeniona na kuniambia nimekonda, na mimi nitajua. Kisha Januari utatoka nje na hakutakuwa na dereva mwenye breki nzuri. Ninachokiogopa usingizini si giza lako, ni barabara ile.

Na kuhusu kusubiri mwezi wa tano kwa ajili ya picha. Wapigapicha wako wengi. Mwambie Mwalimu Mkuu ukweli, atafute mwingine. Najua sentensi hiyo inakuuma kuliko kisu cha daktari, na ndiyo maana naiandika. Studio siililii, Mama. Hata ukiifunga kesho, nitakuheshimu vilevile.

Nimemwomba Mkuu wa kituo ruhusa. Amesema tumalize kwanza picha za mwezi mwandamo, baada ya hapo niende. Nimemwambia sawa, kisha nikatoka nje nikapiga teke ndoo. Naja na lori la katikati ya Mei. Ukikubali kupasuliwa, nisubiri nikushike mkono. Ukiona huwezi kusubiri, usinisubiri.

Usipokubali nitakuja vilevile, nitakaa mlangoni pako, na kila ukitaka kuvuka barabara utanikuta mbele yako.

Kiherehere wako


6 Mei

Mpenzi mwanangu,

Naandika mimi Mama Mdogo, tukiwa hospitali. Keti kwanza.

Barua yako ilipofika alijifungia nayo. Kesho yake alivaa gauni lake la kwendea harusini, akafunga studio, akanigongea ukuta. Nikadhani anataka ugomvi. Akasema, "Twende kabla sijabadili mawazo." Njiani alinishika mkono kwa nguvu mpaka kidole cha pete kikafa ganzi. Tulipita kwa Mwalimu Mkuu. Alishuka peke yake, sijui walisemezana nini, alirudi garini analia, nikampa leso yangu.

Amepasuliwa jana asubuhi. Bandeji imetolewa leo. Anasema anaona ukungu, mweupe mtupu, kama mvuke wa sufuria. Vidole vyangu havioni. Daktari anasema inaweza kuwa ni uvimbe tu na ukungu utaondoka, na inaweza isiwe hivyo. Tungoje.

Hajalalamika. Ameuliza tu kama lori limepita. Nimemwambia bado.

Omba huko uliko karibu na mbingu.

Mama yako Mdogo


10 Mei

Mama, Mama Mdogo,

Barua imefika mikononi mwa mtu aliyetembea kwa miguu. Mvua imebomoa daraja la chini, lori liko ng'ambo na mimi niko huku. Wanasema siku chache, na kila siku wanasema hivyo hivyo. Nimempa mtu huyo huyo barua hii, amesema atashuka nayo.

Ukungu umeondoka? Andikeni neno moja. Ndiyo au hapana. Likiwa hapana msiogope kuniandikia, nitalibeba. Nisichoweza kukibeba ni kutokujua.

Ulinishinda, Mama. Nilitaka nikushike mkono na hukunisubiri, na mimi ndiye niliyekuambia usinisubiri. Sasa nakaa nje ya jengo natazama barabara inavyoteremka, na siioni mwisho wake kwa mawingu. Picha za mwezi mwandamo zimetoka vizuri na sizitaki hata kuzitazama.

Kiherehere


18 Mei

Kwako mwanangu Kiherehere,

Ndiyo.

Nimeliandika kwanza hilo ili usihangaike kulitafuta. Ukungu ulikaa siku nyingi kuliko daktari alivyotaka. Alikuja kila asubuhi na tochi yake, ananiuliza, "Mama, unaona nini?" na mimi namjibu, "Nakuona wewe unavyoogopa," na ilikuwa uongo, sikumwona. Nilikuwa nalala nikiwa nimegeukia ukutani ili Mama yako Mdogo asione uso wangu. Niliogopa, mwanangu. Sijawahi kuogopa vile hata siku ya kukuzaa. Nilikulaumu, nikajilaumu, nikarudi kwako tena.

Halafu siku moja nikaona mshono. Mama yako Mdogo amekaa kitandani pangu anapinda shati la mtu, na mimi naona mshono unatembea, uzi wa bluu, hatua ndogo ndogo. Nikamwambia, "Umeruka moja." Alitupa shati, akaenda kupiga kelele koridoni mpaka wakamfukuza wodini.

Presha imeshuka. Daktari anasema kilichobaki kitabaki, nikitia dawa, na safari hii natia hata zikichoma. Lakini tusidanganyane tena. Kilichobaki ni kidogo. Ni kidogo kuliko kabla ya kisu, na si kikali kama zamani. Kazi ya harusi imekwisha. Nilimwambia Mwalimu Mkuu mwenyewe siku ile, kwamba shangazi sikumkata kwa uzembe, sikumwona. Alivua kofia, akaishika kifuani. Nikamwambia aivae, sijafa. Nikaingia garini nikalia, sasa unajua tulisemezana nini.

Mpiga picha mpya amekwisha kuja kuuliza chumba cha studio. Nimemwambia aje wiki ijayo. Leo siwezi.

Wamesema daraja limepona na lori linashuka Alhamisi. Mama yako Mdogo atanileta stendi, nitakaa benchi la mwanzo. Naijua tabia yako, utataka kuninyemelea kwa nyuma unifumbe macho. Usifanye hivyo. Usije ubavuni pia, utakuwa sauti tu na nitashtuka. Njoo kwa mbele, pole pole, usimame karibu yangu na usiseme kitu. Uso wa mtu siupati wote kwa mara moja siku hizi. Naanza na paji, nashuka kwenye macho, nikifika mdomoni macho yameshaondoka, inabidi nirudi. Itachukua muda, na watu watatupita na mizigo yao na watatushangaa.

Wewe usiondoke. Simama hapo hapo mpaka nimalize.

Mama yako